Uvimbe Uliofungwa kwa Waya wa Shaba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, Senje wangu alipata uvimbe mahali ambapo nyumbani kwetu hapakuwa na jina. Goti lilikuwa na jina, kwapa lilikuwa na jina, hata kile kishimo cha nyuma ya shingo kilikuwa na jina. Pale paliitwa "pale". Mimi nitasema waziwazi tangu mwanzo nisije nikaanza kuzungukazunguka kama wao: uvimbe ulikuwa kwenye mdomo wa uke, upande wa kushoto. Kama neno hilo linakuchoma, funga ukurasa ukasome habari za kilimo.

Senje, kwetu Bungoma, ni dada ya baba. Huyu wangu aliitwa Nafula. Alinichukua nikiwa na miaka mitano, mama alipoolewa kwingine na baba akawa utingo wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuonekana Krismasi na kusahaulika Januari. Tuliishi Dandora, chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi, na kazi yake ilikuwa kule jaani. Alichambua plastiki: chupa za maji huku, mitungi ya mafuta kule, vifuniko peke yake. Alikuwa na mikono mikubwa na mdomo mkali, na wanaume wa jaani ambao hawakuogopa korongo wala moto unaofuka chini kwa chini walimwogopa yeye. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu mwingine. Naliandika hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya ufikirie vinginevyo.

Uvimbe ulianza mdogo kama njegere. Ndani ya wiki moja ukawa kama yai. Sikuambiwa; nilijua kwa sababu alianza kukalia tako moja. Alikaa ukingoni mwa kigoda, mguu mmoja ameunyoosha, akanywa chai yake hivyo, amekunja uso kama mtu anayesikiliza redio mbovu. Kutembea alitembea amepanua miguu. Vijana wa ploti wakamtania kwamba Mathe Nafula ametoka kupanda farasi. Aliwajibu kwamba farasi huyo amemwacha kwa mama zao, waende wakamlishe.

Watu wanaposimulia visa kama hivi huanza na ujinga wa mgonjwa. Senje hakuanza na ujinga. Alianza na hospitali. Tulikwenda pamoja Jumatatu moja ya likizo, kwenye zahanati ndogo ambayo sitaitaja. Mlangoni alikaa mwanamume mwenye daftari, na kila aliyefika alimwuliza kwa sauti ya mnadani anaumwa nini. Kwenye benchi kulikuwa na watu kama thelathini. Wawili walikuwa wanaume wa jaani. Mmoja alikuwa shemasi wa kanisa letu, amefunga kidole kwa kitambaa.

"Wewe mama, unaumwa nini?"

Senje alimtazama yule mtu. Akalitazama benchi. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumnyang'anya jambazi kisu na kukitumia kukatia sukuma wiki.

"Kichwa," akasema.

Tukarudi nyumbani na tembe za kichwa. Shuleni walituandikia ubaoni methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, tukainakili kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyetufundisha la kufanya wakati wa kuyafichua maradhi yenyewe unapofika na unatakiwa kuyataja mbele ya shemasi.

Wiki hiyo Kukhu, nyanya yangu, mamake Senje, alikuja kututembelea kutoka Bungoma na mfuko wa mtama na kuku wawili. Alimwona binti yake akivuka uwanja wa ploti na ndoo ya maji, hatua nne tu, na hakuhitaji kuuliza.

"Umeokota kitu," akasema.

Kwetu uvimbe ni mzigo, na mzigo huhamishwa. Aliye nao huchukua punje saba za mtama, akazizungusha juu ya uvimbe, akazifunga kwenye kitambaa, kisha kibunda kikaachwa njiani. Atakayekiokota na kukifungua ndiye atakayekwenda nao kwake. Kukhu alimweleza Senje taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto huchoma. Kazi yako ni nini, akamwuliza. Si kuokota asubuhi hadi jioni vitu vilivyotupwa na Nairobi nzima? Halafu unashangaa umeutoa wapi?

Nina hasira za karibu na huwa sivumilii upuuzi, lakini nakiri hata leo kwamba kwa mtu wa jaani hoja hiyo haikuwa na ufa. Tena haikumtaka avue nguo mbele ya mtu. Haikumwuliza amelala na nani.

Kukhu akatoa kipande cha kitambaa chekundu. Hapo Senje akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo.

"Mama, hapa nani ataokota kitambaa? Hapa watu huokota shaba."

Akaingia nyuma ya pazia na zile punje, akatoka, akazifunga. Kisha akavuta kutoka uvunguni waya wa shaba aliokuwa amekwisha kuuchoma mpira wake, akauzungusha kwenye kibunda, mzunguko juu ya mzunguko, hadi kikang'aa kama pambo la bibi harusi. Kukhu alikubali kwamba mjini nako kuna akili. Walikaa pale mama na bintiye, vichwa vimekaribiana, wakikigeuzageuza kile kitu. Sikuwa nimewaona wakipatana hivyo.

Mpelekaji sharti awe mtoto, na sharti asitazame nyuma. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilitumwa mimi, niende nikakiweke pale malori ya sokoni yanapomwaga.

Nilimkuta Mama Njeri pale pale. Alikuwa jirani yetu, chumba kilichofuata, mama kutoka Murang'a aliyezaa watano, na Njeri wake tulikaa dawati moja. Alikuwa ameinama na chuma chake cha kupekulia, kwenye viatu vya mpira, mguu mmoja mweusi na mwingine kijani.

"Nekesa wa Nafula," akaniita. "Umekunywa chai wewe? Na Senje mguu wake unaendeleaje?"

Kwa watu wote ulikuwa mguu. Nikasema unaendelea vizuri. Akatoa chungwa mfukoni mwa aproni yake, akaliparua kwa kidole gumba, akanipa nusu. Na alipokuwa akinipa, nikaona macho yake yametua kwenye mkono wangu wa pili, pale waya ulipochungulia kati ya vidole. Hayakuwa macho ya tamaa. Yalikuwa macho ya kazi. Nilijua kwamba nikikiweka chini, sitamaliza hatua kumi kabla hajakichukua, na jioni atakifungua apate waya wake. Nikamfikiria Njeri akimtazama mamake akikalia tako moja.

Nikalila lile chungwa, nikaaga, nikaenda moja kwa moja hadi shuleni. Palikuwa pamefungwa, lakini ua wetu ulikuwa na tundu linalojulikana na kila mwanafunzi. Nikaingia choo cha shimo cha wasichana, nikakiachia. Nilikisikia kikitua. Kisha nikaenda nyumbani bila kutazama nyuma, kama nilivyoagizwa.

Senje akaniuliza kama nimekiacha. Nikasema nimekiacha. Akauliza kama kulikuwa na watu jaani. Nikasema walikuwa wengi. Hakuna neno la uongo hapo, na tangu siku hiyo majibu ya namna hiyo nayahesabu kuwa uongo mbaya kuliko wote.

Kesho yake, Jumapili, uvimbe ulipasuka wenyewe bafuni.

Leo najua kwamba jipu likiiva hufanya hivyo. Usaha hutoka, na maumivu huisha papo hapo kama taa iliyozimwa. Senje alitoka na kanga yake na ndoo mkononi, analia na kucheka pamoja. Kukhu alianzisha wimbo wa kanisani hapo hapo uwanjani, majirani wakaitikia bila kujua wanamshukuru Mungu kwa lipi. Kuku mmoja akachinjwa. Na wakati wa kupakua Kukhu alifanya jambo ambalo hakuna aliyetegemea: alichukua firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume mwenye nyumba na mwanamke haigusi, akaiweka kwenye sahani yangu. "Huyu leo ndiye mwanamume wa nyumba hii," akasema.

Nikaila. Nakumbuka nilivyoitafuna polepole ili isiishe.

Kati yetu watatu ni mimi peke yangu niliyejua kile kibunda kiko wapi, na kwamba hakuna mkono duniani uliokiokota. Kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyejua kwamba punje za mtama hazikufanya lolote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa na ushahidi kamili. Nilinyamaza. Sehemu moja ilikuwa kuogopa fimbo. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa ile firigisi.

Kukhu akarudi Bungoma. Zikapita wiki nane, kisha uvimbe ukarudi, mkubwa zaidi, na wa moto. Mlango wa ile tezi ulikuwa umeziba tena, maji yake yakakosa pa kutokea, vijidudu vikaingia. Senje hakufikiria mara mbili. Alisema aliyeuokota ameurudisha. Akatengeneza kibunda kingine, shaba mara mbili, akanituma. Nami nikaenda palepale chooni, kwa sababu Mama Njeri alikuwa bado anapekua palepale jaani, na kwa sababu nilitumaini kwamba utapasuka wenyewe kama ule wa kwanza.

Haukupasuka. Siku ya pili hakwenda kazini. Siku ya tatu alitetemeka chini ya blanketi mbili katika joto la Januari, midomo imemkauka, na kila alipotaka kugeuka alishika kitanda kwa mikono yote miwili. Aliniuliza asubuhi na jioni kama nina hakika nimekiweka mahali pa kuonekana.

Mama Njeri aliingia bila kubisha. Akamgusa paji la uso, akanituma maji, na niliporudi alikuwa ameketi kitandani.

"Nafula, huo si mguu. Sema ni wapi. Nimezaa watano, hakuna kitu cha mwanamke kitanishtua."

Senje akamnong'oneza. Mama Njeri hakushtuka kweli. Aliwasha jiko, akapasha maji, akayamimina kwenye beseni, akamsaidia kuyakalia yakiwa ya vuguvugu, akamwambia arudie mara tatu nne kwa siku na asithubutu kuuminya wala kuuchoma kwa sindano. Alikuwa na dada aliyepatwa na huohuo. Lakini kwa homa hiyo, akasema, maji peke yake yamechelewa. Kesho asubuhi ni hospitali, hata kama ni kubebwa mgongoni.

Senje akasema angoje kidogo. Kuna kitu anakingojea.

"Unangojea nini, Yesu arudi?"

Alipoondoka, niliamua kusema. Nilikuwa nimeipiga hesabu yangu vizuri. Kama Senje akijua kwamba kibunda cha kwanza hakikuokotwa na bado uvimbe ukapasuka, basi ataona kwamba vibunda ni bure, na atakwenda hospitali. Ni hesabu ya darasa la tano. Nikaamini mtu mzima hawezi kushindwa nayo.

"Senje, hakuna mtu atakayekiokota," nikasema. "Nilikitupa chooni shuleni. Hata kile cha kwanza nilikitupa chooni."

Alijiinua kwa kiwiko.

"Kumbe ni wewe."

"Lakini kile cha kwanza hakikuokotwa na ukapona, Senje. Ulipasuka."

"Ulirudi," akasema. "Ndiyo sababu ulirudi."

Hakunipiga. Hakuwa na nguvu za kunipiga, nami ningeshukuru kupigwa. Alisema tu, akiwa ameutazama ukuta, kwamba siku zote hizi amelala na uchungu chumba kimoja na mtu aliyeushikilia.

Jua lilipochomoza alikuwa amekwisha kufunga kibunda cha tatu kwa mikono yake. Nilijaribu kumshika kanga. Alinisukuma, akaenda jaani mwenyewe, na homa yake, akishika ukuta mmoja hadi mwingine. Alikiweka. Aliporudi alifika penye mizani ya kupimia plastiki, akaanguka. Wale wanaume waliomwogopa ndio waliompandisha kwenye mkokoteni, na Mama Njeri akausukuma pamoja nao kwa viatu vyake vya rangi mbili, akiwatukana waliosimama kutazama.

Hospitali waliyofikia ilikuwa nyingine, na kulikuwa na muuguzi mmoja mnene aliyevuta pazia, akafukuza watu wote isipokuwa Mama Njeri, kisha ndipo akauliza, tena kwa sauti ya chini. Kama muuguzi huyo angekuwa amekaa mlangoni mwa ile zahanati ya kwanza, nisingekuwa na kisa cha kuandika. Senje alidungwa sindano ya ganzi, wakakata kidogo, usaha ukatoka, wakaacha ndani kijimrija cha mpira ili mlango usizibe tena mapema. Kukata kwenyewe hakukuchukua muda wa kusonga ugali. Kilichochukua siku nne ni dawa za mshipani, maana vijidudu vilikuwa vimeanza kuingia kwenye damu. Muuguzi alimweleza kwamba kila mwanamke huzaliwa na tezi mbili pale, moja kila upande, ndogo kama njegere, kazi yake ni kulainisha. Mlango wa tezi ukiziba huvimba. Si laana, si uchafu, na mara nyingi si kosa la mwanamume wala la mwanamke. Angekuja wiki ya kwanza, pengine maji ya vuguvugu yangetosha.

Senje alisikiliza yote hayo, Mama Njeri aliniambia, akiitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba Mama Njeri apite jaani akatazame kama kile kibunda bado kipo.

Hakikuwepo. Ilikuwa shaba, jaani. Kingebakije?

Akarudi nyumbani amepona, akaueleza uponyaji wake kwa kila aliyemtembelea: safari hii kiliokotwa. Dawa za mshipani hazikutajwa. Na mimi, kabla muhula haujaisha, nilipandishwa basi la Bungoma na mfuko wangu. Alisema hawezi kulala chumba kimoja na mtu aliyetaka afe. Kukhu alinipokea. Nilifika darasa la saba, shule ikaishia hapo. Mengine yote nimejisomea: magazeti ya kufungia sukari, vijikaratasi vya kliniki, kitabu cha ukunga kisicho na jalada ambacho nilikisoma hadi kurasa zikaachana. Nilianza na ile sura yenye tezi.

Siku hizi nakaa Njiru, nashona mapazia, na wanawake wa huku wamenijua. Huja na kitambaa cha kupimwa, wakishaketi naona kwamba hawakujia pazia. Nawaambia kama ninavyoandika hapa. Kipele chenye unywele ndani baada ya kunyoa si kitu, acha wembe kwa muda, kanda kwa maji ya vuguvugu. Kifuko laini kisichouma kinaweza kuachwa, lakini kionyeshe. Vinyama vidogovidogo kama koliflawa vinatokana na virusi na vina dawa. Usivikate, usipake asidi ya betri, ndiyo, yuko aliyepaka. Kikiwa chekundu, cha moto, una homa, huwezi kukaa, nenda leo, si Jumamosi. Na kama umepita miaka arobaini ukagusa kitu kigumu, au kidonda kisichopona, usiniulize mimi lolote, inuka. Wengine wananizungusha, "ni rafiki yangu anaumwa pale," nami nafoka: pale wapi? Binti yangu ananiambia nitafukuza wateja. Nimefukuza baadhi. Wengine hurudi kunishukuru kwa kunishonesha mapazia wasiyoyahitaji.

Nilimchukia Kukhu miaka mingi, kisha nikamchukia yule mtu wa daftari, naye anastahili. Lakini hasira zangu, ambazo huwaka haraka kwa kila mtu, zikishapoa hunirudia mimi na zile wiki nane. Nilikuwa na ukweli Senje akiwa mzima, ameketi vizuri, anacheka, tumbo limeshiba, kichwa kimetulia. Wakati huo angenipiga, halafu angefikiri. Nilimpelekea akiwa na homa na anaogopa kufa, na mtu anayeogopa kufa hana haja na hesabu. Anahitaji mkosaji. Nikamletea mmoja, mwenye jina na sare ya shule.

Yuko hai. Hajawahi kurudiwa na ule uvimbe. Tukikutana, huwa ni matangani, anawakumbatia wote hadi afike kwangu, kisha ananyoosha ule mkono mkubwa na kuniuliza watoto hawajambo. Nami namjibu kwamba hawajambo, Senje, nikingoja auachie mkono wangu, na huwa hauchelewi kuachiwa.